Kabla hamjaamini ile vidio ya mama mkwe na Vitz

Sawa. Nimeona hiyo vidio, mama mkwe anasukuma gari yangu, Vitz, na mimi niko ndani. Nyote mmeona, hata kijana wa kuniletea maziwa ameona, asubuhi amenipa pakiti akaniangalia, akacheka akaenda bila kungoja pesa. Kwa hivyo acha niongee mwenyewe kabla haijafika ushago, ingawa najua imeshafika.

Kwanza yule aliyeirusha, na anajijua, ana Demio nyekundu na ana pesa yangu tangu Krismasi, alinipita leni ya kulia, bibi yake ametoa simu kwa dirisha anarekodi, na badala ya kuuliza "buda uko sawa" akaenda kuandika ati bwana mzima anasukumwa na mama mkwe. Uongo. Mimi sikusukumwa. Gari ndiyo ilisukumwa. Mimi nilikuwa tu ndani.

Sasa mnajua mimi na petroli. Haikuanza jana. Ilianza ile Septemba ya 2023 bei ilipovuka shilingi 200 kwa lita hapa Nairobi kwa mara ya kwanza, ikagonga 211 na senti zake, Oktoba ikaongeza tena ikawa 217. Hiyo Oktoba niliambia yule wa pampu aweke ya elfu moja, akaweka, akatoa mkono haraka hivi mpaka nikadhani kuna kitu amesahau. Lita nne na kitu. Baadaye bei ilishuka lakini mimi kichwa hakikushuka nayo. AC nilizima, sijui hata kama bado inafanya kazi. Kwa jam nazima injini. Mteremko ukiwa mrefu naweka nyutro nateleza nayo bure. Nikasikia uzito unakula mafuta, nikatoa tairi ya spea, nikatoa jeki, nikatoa na ile pembetatu nyekundu ya kuweka barabarani gari ikikwama, zote ziko balkoni hapa na nguo za watoto zinaanikwa juu yake. (Pembetatu ina kilo ngapi? Msiniulize, nilikuwa kwa moto.) Na ile taa ya mafuta nimeizoea mpaka ikizima ndio nashtuka.

Siku yenyewe ilikuwa tarehe 14. Wenye magari mshaanza kunielewa. EPRA, wale wa serikali wa kupanga bei ya mafuta, hutangaza bei siku hiyo, mpya inaanza usiku wa manane kuingia 15, kwa hivyo kila 14 Nairobi tunagawanyika, kuna wanaokimbia kujaza kabla haijapanda na kuna sisi wa kungoja ishuke. Kwa grupu ya ploti mtu alikuwa ametupa meseji, ile imetumwatumwa mpaka haina mwenyewe, ati inashuka na kumi, imetoka kwa mtu wa ndani. Ndani ya wapi hakuna aliyeuliza. Nikaapa siweki hata tone mpaka asubuhi.

Na hiyo ndiyo siku mama mkwe anaingia na treni ya SGR kutoka Mombasa. Mara yake ya kwanza kuja kwangu tangu nimchukue binti yake. Bibi yangu akanipa elfu moja mkononi, akasema weka mafuta, nikasema sawa. Hiyo elfu moja, na hii mnasikia kwangu tu kwa sababu haiko kwa vidio, ilikuwa mfukoni wakati haya yote yanatendeka.

Nikafika stesheni Syokimau nikampata mama amekaa juu ya mizigo. Ndoo ya samaki wa kukaanga, imefungwa na karatasi na kamba lakini harufu ilishajifungua yenyewe. Embe gunia zima. Mkeka. Madafu. Madafu jamani, yale mazima na maganda yake. Uzito wote niliotoa kwa hiyo gari miaka yote mama aliurudisha kwa dakika tano akaongeza na wake. Nikainua buti nikaona vile gari imekaa chini nikasema moyoni haya.

Kutoka hapo hadi kwangu Westlands nilikuwa na njia mbili. Chini Mombasa Road, bure, lakini jam, na jam inakunywa mafuta ukiwa umekaa tu. Ama juu, Expressway, ile barabara ya kulipia, ambayo kutoka mwisho hadi mwisho gari ndogo ilipandishwa ikawa shilingi 500 mwaka wa 2024, lakini unapita mwendo mmoja bila kusimama. Nikapiga hesabu. Nikaona juu nitaokoa mafuta. Ndio, nilikuwa tayari kulipa pesa ya barabara ndio nisinunue petroli, na kwa kichwa changu hiyo ilikuwa inaitwa kubana matumizi.

Mama alifurahi sana kule juu. Akasema "mwanangu, hii barabara au ndege?" Nikacheka kile kicheko cha mkwe. Tukapita JKIA, uwanja wa ndege, anaonyeshwa, tukapita Bypass, anaendelea na stori ya kijana wa jirani aliyeenda kuoa Lamu, mahari ikawa kesi, mimi naitikia eeh, eeh, macho iko kwa taa.

Tukishapita Capital Centre gari ikakohoa.

Kidogo tu, asiyejua angesema ni tuta. Nikakanyaga, ikavuta, nikamshukuru Mungu. Ikakohoa tena. Nikafanya kile kitu nyote hufanya na hamtakubali, nikayumbisha usukani kushoto kulia kushoto kulia ili mafuta yaliyojificha kwa kona za tangi yatoke. Mama akashika ule mshikio wa juu ya dirisha akasema Bismillahi. Stori ya Lamu ikakatika hapo, mpaka leo sijui kama waliozesha.

Halafu injini ikanyamaza. Kwa wale haijawahi kuwapata, gari ikizima ikiwa mbioni redio haizimi. Redio inaendelea na matangazo yake vizuri kabisa. Taa zote za dashibodi zinawaka pamoja, usukani unakuwa mgumu ghafla unaupigania na mikono miwili, breki unakanyaga mara ya kwanza inashika, mara ya pili inashika kidogo, mara ya tatu mguu unagundua kazi yote ilikuwa inafanywa na injini. Tukateleza. Nikaona pale mbele panainuka kidogo nikajua hatufiki, nikavutia kushoto, na Vitz ikaishiwa nguvu ikiwa nusu iko pembeni, nusu bado iko kwa leni.

Mama akaangalia mbele. Akaniangalia mimi.

"Mwanangu, mbona gari lanyamaza?"

Nikasema ni injini imepata moto, mama. Ipumzike kidogo.

Akageuza shingo polepole akaangalia dashibodi. Mama hajui gari, lakini ile picha ya pampu ya mafuta inayowaka, aliyeichora alihakikisha hata mama wa miaka sitini na kitu kutoka Kisauni anaielewa. Hakusema kitu. Na mimi nikaangalia nje upande wa kushoto, na pale chini, chini kabisa ya daraja, kulikuwa na petroli stesheni. Naona ubao wa bei. Namwona yule wa pampu amesimama bila mteja, amekunja mikono. Hiyo umbali ningemrushia elfu yake ikamfikia.

Nyuma honi zikaanza. Nikawasha hazadi. Watu wanatukwepa kwa spidi, kila gari ikipita Vitz inatikisika na madafu yanagongana huko nyuma, kong, kong. Hatungeweza kukaa hivyo, ilikuwa lazima gari iingie pembeni yote. Nikasema mama tulia, nashuka kusukuma.

"Na sukani ataishika nani?"

Nikafikiria.

"Mimi gari sijui," akasema. "Baiskeli najua."

Mnaona ile hesabu. Watu wawili, mmoja anajua usukani, mmoja hajui, gari moja inataka kusukumwa na kuongozwa kwa pamoja. Nilijaribu kutafuta jibu lingine, nawaapia. Ungeweza kusukuma ukishika usukani kwa dirisha, mtasema. Nilijaribu! Nikafungua mlango nikashuka nusu, lori la mizigo likapita karibu hivi nikarudi ndani goti likitangulia. Nikiinua kichwa mama ameshavua kandambili ameziweka juu ya dashibodi, zimepangwa vizuri, anajifunga buibui kiunoni. Akanipa mkoba wake. Akasema "nishikie."

Kwa hivyo ndio, wale mnaouliza kwa komenti, hicho kitu cheusi mapajani mwangu ni mkoba wa mama mkwe.

Akatoka kwa mlango wa kushoto, akazunguka nyuma. Namwona kwa kioo. Akaweka mikono yote miwili juu ya buti, akainamisha kichwa, akasukuma. Gari haikusonga. Akapumua. Akasukuma tena, nikaona mabega yanatetemeka. Haikusonga. Na mimi ndani, niko serious, nimeshika usukani saa kumi na saa mbili kama mtu wa mtihani, naita "kidogo tena mama! kidogo tena!"

Sauti ikatoka nyuma, ya upole sana, hiyo upole ndiyo inaniua mpaka sasa.

"Mwanangu. Breki."

Hendibreki ilikuwa juu. Nilikuwa nimeivuta mwenyewe.

Nikaishusha. Akasukuma mara ya tatu, Vitz ikasonga, na ni hapo, si kabla, si baada, ni hapo hasa ndipo Demio nyekundu ikapita. Vidio inaanza hapo. Zile mara mbili za kwanza alizosukuma bure hamjaziona na nashukuru.

Tukaingia pembeni. Sasa mama anauliza iko wapi ile alama nyekundu ya kuweka nyuma, mjomba wake alikuwa taniboi anaijua. Nikasema iko balkoni. Akauliza balkoni ya nani. Nikasema yetu. Akafungua begi bila neno, akatoa kanga mpya, nyekundu, ya zawadi ya binti yake bado ina gundi ya dukani, akaifungia kwa buti madereva waione kwa mbali. Imeandikwa AKILI NI MALI. Herufi kubwa. Kuna mtu mwingine alipita akapiga picha ya hiyo peke yake, hiyo ndiyo mnatumiana kama stika.

Tukakaa kungoja gari ya doria. Kimya kilikuwa kizito nikaona niongee, na mimi nikiwa na aibu huwa naongea mambo ya serikali. Nikamweleza mama vile VAT ya mafuta ilitolewa asilimia 8 ikapelekwa 16 mwaka wa 2023, nikamweleza vile mwaka uliofuata ushuru wa barabara ulipandishwa kutoka shilingi 18 kwa lita hadi 25, nikamwambia mama, ukinunua lita moja sehemu kubwa ni kodi. Nilikuwa nimeanza kupata moto. Akanisikiliza mpaka mwisho, akamenya embe, akanipa kipande.

"Sasa mwanangu, hayo mafuta yaliyokuwa kwenye gari hili, yamekwenda kwa kodi?"

Nikala embe.

"Maana kwetu Mombasa ni rahisi shilingi mbili tatu," akasema. "Ungeniambia ningekuletea kwa dumu. Ningeacha madafu."

Hayo mengine si ya maana. Doria ikaja, wakatuvuta, kuna kulipa, kuna kulipa tena, nilipofika nyumbani ile elfu ilikuwa imeisha na nyingine juu yake na bado sikuwa na petroli. Bibi yangu alikuwa ameshaona vidio kabla tufike kwa geti. Sitaki kuongelea hiyo. Samaki walikuwa watamu. Na jioni bei ikatangazwa, nikakimbilia simu niione hiyo kumi ikishuka angalau nipate cha kujitetea. Haikupanda, haikushuka. Ilibaki palepale, hata senti haikusonga. Yule wa "mtu wa ndani" ametoka kwa grupu.

Mama anarudi Jumapili. Nilimwambia nitampeleka stesheni, hata nimejaza, tangi imejaa mpaka shingo, niko na risiti. Akasema nisijisumbue, mjukuu ameshamuitishia teksi kwa simu. Jana dereva akapiga kuthibitisha saa, mama akaweka spika, sebule nzima tunasikia, yule kijana anasema "shikamoo mama, nimetumwa na aplikesheni, nitakuja saa mbili, uko na mizigo mingi?" na mama, bila hata kuitikia shikamoo, akamwambia, "Mizigo ni michache. Niambie wewe kwanza. Mafuta yapo?"