Mpangaji mzee alindwe, lakini kwa gharama ya nani?

Mfanyakazi akipandishiwa kodi ya nyumba anaweza kutafuta kibarua cha ziada au akahamia mbali kidogo. Mstaafu anayeishi kwa pensheni njia hizo hana. Kodi hupanda kila mkataba unapofanywa upya, pensheni haiendi nayo sambamba, na kuhama akiwa na miaka 75 ni kuachana na zahanati inayomjua na jirani anayemgongea mlango asipoonekana asubuhi. Kifungu cha 25 cha Tamko la Kimataifa la Haki za Binadamu la 1948 kinataja makazi na uzee kwa pamoja, na sioni kama ni bahati tu.

Ugomvi unaanza pale tunapouliza mzigo huu aubebe nani.

Ufaransa, kwa sheria ya Julai 6, 1989, iliamua aubebe mwenye nyumba. Mpangaji aliyepita miaka 65 na mwenye kipato kidogo hawezi kunyimwa mkataba mpya mpaka mwenye nyumba ampatie makazi mengine yanayomfaa, tena karibu na hapo. Msamaha upo: mwenye nyumba akiwa naye amepita 65, au kipato chake ni kidogo, halazimiki. Msamaha huo ni wa haki kabisa, kwa sababu kuna wazee ambao nyumba moja ya kupangisha ndiyo pensheni yao yote.

Wanaoipinga sheria ya namna hii wana hoja nzito. Mwenye nyumba akiletewa maombi mawili, moja la kijana na jingine la mtu wa miaka 63, anajua yupi atamfunga mikono baadaye. Atamchagua kijana, na sababu haitaandikwa popote. Kwa hiyo aliyekwisha kuingia analindwa, na anayetafuta chumba leo anafungiwa mlango. Kupiga marufuku ubaguzi wa umri kunasaidia kidogo tu, maana kuuthibitisha ni kazi ngumu.

Wengine husema basi apewe ruzuku ya fedha, achague mwenyewe pa kuishi. Ni hoja safi palipo na nyumba za kutosha. Pakiwa na uhaba, sehemu ya ruzuku huishia kwenye kodi iliyopandishwa. Na hata ikimtosha, haizuii notisi ya kuhama. Kwangu mimi, hofu ya notisi humtesa mzee kuliko kodi yenyewe.

Mji wa New York una mpango unaonishawishi zaidi. Mwenye miaka 62 au zaidi, ambaye kipato cha kaya yake hakizidi dola 50,000 kwa mwaka na kodi inakula zaidi ya theluthi ya kipato hicho, husimamishiwa kodi isipande. Pengo linafidiwa kwa kumpunguzia mwenye nyumba kodi ya majengo, yaani jamii nzima inachangia. Udhaifu wake ni kwamba unahusu nyumba ambazo kodi zake tayari zinadhibitiwa na sheria, na lazima mzee mwenyewe aombe.

Ningeunganisha mifumo hiyo miwili: notisi izuiwe kama Ufaransa, fidia itoke hazina ya umma kama New York. Na kazi ya kumtafutia mzee makazi mapya ipewe halmashauri ya mji. Mwenye nyumba moja ataipata wapi ya pili ya kumpa?