Maua ya mkaa hayasubiri rangi

Rafiki yangu mmoja huchora maua kwa mkaa, na swali analoulizwa kuliko yote ni hili: "Rangi utatia lini?" Wanaouliza hawana nia mbaya. Wanauangalia mchoro, wanausifu, kisha wanauliza kama mtu aliyeiona nyumba ambayo haijapigwa lipu. Yeye hucheka tu. Mimi ndiye ninayekereka, na leo nimeamua kukereka kwa maandishi.

Nakiri kwamba zamani nilikuwa upande wa hao wanaouliza. Waridi ukiliondolea wekundu wake, limebakiwa na nini cha kuringia? Kilichonigeuza ni mchezo wa simu. Nilipiga picha ya waridi jekundu, nikaigeuza kuwa nyeusi na nyeupe, nikitarajia kitu cha kupendeza. Ua likapotea. Petali na majani vyote vilikuwa kijivu kilekile, kwa sababu wekundu ule na ukijani ule, pamoja na kugombana kwake machoni, vilikuwa na kiasi kimoja cha mwanga. Rangi ndiyo iliyokuwa ikivitenganisha. Ilipoondoka, vikawa uji.

Basi mchoraji wa mkaa kazi yake inaanzia hapo penye uji. Hawezi kunakili tu kilicho mbele yake. Lazima aamue: jani hili nilitie giza kuliko lilivyo, ukingo wa petali ile niuache karatasi tupu, bua lizame kabisa lisionekane. Ndiyo maana nasema rangi humsitiri mchoraji mvivu. Chora mviringo uliopindapinda, upake wekundu, chomeka kijiti cha kijani chini yake, na kila mtu atasema ni waridi. Fanya hivyohivyo kwa mkaa uone kama hawatakuuliza hiyo ni kabichi ya aina gani.

Siku moja nilikaa nikamtazama akichora yungiyungi jeupe. Nilidhani ataanza na ua. Alichukua kipande cha mkaa, akakilaza ubavu, akaisugua karatasi nzima hadi ikafanana na chungu kilichozoea kuni. Akapitisha kitambaa, vumbi likaingia kwenye vishimo vya karatasi. Kisha akatoa kifutio, kile laini kinachofinyangika kama udongo, akakibana kwa vidole mpaka kikatoa ncha, akaanza kulichukua giza kidogokidogo. Mvuto mmoja kwenda juu, petali ya kwanza. Wa pili ukakatiza, petali ikajikunja. Kila baada ya mivuto michache alikikanda upya kifutio ili upande uliochafuka uingie ndani. Kijiti cha mkaa alikirudia mwisho kabisa, kwa ajili ya vile vijiti vyenye chavua na kule kooni mwa ua ambako mwanga haufiki. Ua zima, kwa kweli, lilichorwa kwa kufuta.

Mkaa aliokuwa akiutumia ni ule wa vijiti vyembamba vya mti vilivyochomwa bila kuachiwa hewa ya kutosha, ili viive badala ya kuwa majivu. Upo pia ule wa kushindiliwa, vumbi la mkaa lililochanganywa na gundi. Huo ni mweusi zaidi, lakini ukishashika karatasi haubanduki kirahisi. Kwa kazi kama ile ya yungiyungi ungemfunga mikono.

Wapo watakaoniletea habari za Georgia O'Keeffe, yule mchoraji wa Kimarekani. Ni kweli: mwaka 1915 aliweka rangi kando kwa makusudi, akachora kwa mkaa, na mwaka uliofuata Alfred Stieglitz, mpiga picha mwenye ukumbi wa maonyesho, akaionyesha michoro hiyo New York. Baadaye yakaja yale maua makubwa ya rangi, na moja alilolichora mwaka 1932 likauzwa mnadani mwaka 2014 kwa zaidi ya dola milioni 44. Basi hadithi yake husimuliwa kama ngazi: mkaa chini, rangi katikati, fedha juu. Sikubaliani na ngazi hiyo. Na tusisahau kwamba ua lenyewe lililouzwa bei hiyo ni jeupe.

Mimi hupenda kumtaja Piet Mondrian, yule Mholanzi wa miraba ya nyekundu, njano na buluu. Karibu mwaka 1908 alikuwa akichora krisanthemamu kwa mkaa, ua moja peke yake kwenye karatasi, petali zimesongamana na kuinamiana kama watu waliochoka kusimama. Aliandika baadaye kwamba alipendelea ua moja kuliko shada, ili umbo lake lijitokeze vizuri. Miaka ya 1920, miraba yake ikiwa bado haimlishi, alikuwa angali akichora maua ili yauzwe. Tena katika chumba chake cha kazi Paris aliweka ua la tulipu la bandia, na jani lake akalipaka rangi nyeupe asione kijani. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia kwamba krisanthemamu yake ilikuwa ikingoja rangi.

Sisemi mkaa unafaa kwa kila kitu. Bustani nzima iliyochanua, ukiichora kwa mkaa, utapata moshi. Maua madogomadogo ambayo uzuri wake ni wingi wao, yaachieni rangi. Lakini ua lenye mikunjo, au lililoanza kunyauka na kujikunja kingo, nipe la mkaa.

Kuhusu kunyauka, nina deni la kukiri. Mkaa hukaa juu ya karatasi kama vumbi tu mpaka upuliziwe dawa ya kuushika, na lile yungiyungi lilikuwa bado halijapuliziwa nilipolinyanyua nilione vizuri. Nikaacha dole gumba kwenye petali safi kuliko zote. Nilitamani ardhi inimeze. Yeye aliliangalia doa, akaliangalia ua halisi lililokuwa kwenye glasi tangu juzi, akachukua mkaa, akalizungushia doa langu mkunjo mmoja mwembamba. Petali ikawa imeanza kufa ukingoni.

Mchoro ule upo ukutani kwake. Mgeni wa mwisho aliyeusimamia alisogea karibu kabisa na petali ile, akaitazama kwa muda, akageuka na kuuliza rangi itatiwa lini.