Ami, Nitafutie Ufukwe

Kaka yangu yuko Uingereza mwaka wa ishirini na sita huu, na binti yake mkubwa kapata mchumba hukohuko. Alhamdulillahi. Kijana mwenyewe wazee wake ni watu wa Wete, Pemba, kwa hiyo hatukuhangaika sana kuulizana mtoto wa nani. Tuliulizana siku nne tu. Balaa lilianza binti aliponipigia simu: "Ami, harusi tunataka tuje tufanye Zanzibar, ufukweni. Wewe si uko hapohapo? Nitafutie ufukwe."

Nikacheka. Ufukwe wa kutafutwa! Kisiwa hiki ukitoka mlangoni ukanyoosha njia yoyote, mwisho wake unatumbukia majini. Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo kazi ya nusu saa." Haya. Leo mwezi wa pili, Vespa yangu imeshabadilishwa tairi la nyuma, na ufukwe bado.

Alinitumia picha. Mbao mbili zimesimamishwa zikafungwa vitambaa vyeupe, mchanga mweupe, bahari imejaa pomoni, na nyuma jua linazama majini, jekundu kama embe dodo. Chini pameandikwa Matemwe. Nikaitazama, nikaigeuza simu, nikaitazama tena. Matemwe ni mashariki ya kisiwa. Mie nimezaliwa hapa na sijapata kuona jua linazamia bahari ya Matemwe. Pale ndipo linapotokea. Ama aliyepiga picha aliamka alfajiri, ama ile si Matemwe, ama Kiama kimeshafika na sisi wa Magomeni ya hapa Unguja hatukuarifiwa.

Sikutaka kumvunja moyo. Nikasema nianzie Paje, maana kila mgeni akishuka uwanja wa ndege jina la kwanza mdomoni ni Paje. Nikapiga Vespa mpaka Jozani, pale kima punju wanapovuka barabara. Wanavuka taratibu, mmoja mmoja, wa mwisho akakaa kitako katikati ya lami akawa ananitazama mie na kofia yangu. Nikamsubiri. Nimefika Paje saa nne na nusu asubuhi, na bahari haikuwepo.

Wallahi, haikuwepo. Palikuwa na mchanga, na matope kidogo, na vigingi na kamba, na wanawake wameinama wanafunga mwani. Bahari yenyewe ni kale kamstari keupe kule mwambani, mwendo wa kilomita nzima. Nikapiga picha nikamtumia.

"Ami, hili shamba la nini?"

"La mwani. Paje wanalima tangu 1989."

"Na bahari iko wapi?"

"Imetoka."

Akanyamaza kidogo. "Imetoka kwenda wapi?"

Mtu kasoma mpaka digrii ya pili, lakini maji kujaa na kutoka hakufundishwa. Tena Agosti, mwezi anaoutaka yeye kwa sababu skuli kule zimefungwa, ni kusi. Upepo wa kusi Paje hauna mchezo, ndiyo maana wazungu wanapanda ndege ya mwendo wa saa kumi kuja pale kuburutwa na vishada juu ya maji. Bibi harusi akisimama pale na shela ya mita tatu, shela itawahi kufika Jozani kabla yake, na yule kima atakuwa amepata pa kukalia.

Nikarudi nyumbani nikamweleza mama. Mama kalelewa Jambiani, utoto wake wote ni kuchokoa pweza. Hakutaka kuona picha. Aliuliza neno moja: "Mwezi ngapi?"

Nikamuuliza mtoto. "Agosti," akasema.

"Mama, anasema Agosti."

"Agosti ndiyo nini? Nimeuliza mwezi ngapi."

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba watu wawili hawa wataniua. Mmoja anahesabu tarehe za ukutani, mwenzake anahesabu mwezi wa mbinguni, na mie ndiye mkalimani, bila posho. Mama akanisomesha upya kama mtoto wa chuoni: mwezi mchanga na mwezi kumi na tano ni bamvua. Maji yanajaa kwelikweli mida ya saa kumi na kitu jioni, na asubuhi yake saa nne, saa tano yametoka mpaka samaki wanaona haya. Tofauti ya kujaa na kutoka hapo inafika karibu mita 4. Kila siku yanachelewa, yapata dakika 50, ikifika siku ya saba au ya nane ya mwezi ukenda jioni huyakuti. "Sasa mtu anachaguaje mahali," mama akauliza, "kabla hajachagua mwezi?"

Swali zuri. Nikalipeleka Uingereza, wakalijibu kwa picha nyingine.

Basi nikapanda kaskazini, Kendwa. Niseme haki: Kendwa maji hayaendi mbali, jua linazama baharini kama kwenye picha, na kusi ikipuliza wao imewapa mgongo. Sijaegesha Vespa vizuri papasi mmoja, hawa vijana wanaowinda watalii, kaja mbio: "Jambo rafiki! Hakuna matata! Dolphin tour?" Mie! Na kanzu yangu! Nikamwambia kijana, mie mtoto wa Magomeni, na pomboo wako nawajua wako Kizimkazi, ncha nyingine kabisa ya kisiwa. Akasema samahani mzee, shikamoo, kisha akaniuliza kama nahitaji kofia.

Nikaingia hoteli moja, jina silitaji. Kaja binti nadhifu wa kupanga harusi, kishikwambi mkononi. "Wageni wangapi, mzee?"

"Wachache tu," nikasema. "Mia nne."

Akakiweka kishikwambi mezani. Kumbe mtoto wetu alishawaandikia thelathini. Thelathini ni wale wanaokuja na ndege! Wa Magomeni, Jambiani na Wete nani kawahesabu? Akaniambia dola 70 kwa kichwa, chakula cha nje marufuku. Nikauliza, na kichwa cha mtoto je? Akasema walio chini ya miaka mitatu bure. Binti, hujaona harusi ya kwetu. Mwanamke mmoja anakuja na wa mgongoni, wawili wa mkononi, na wa jirani kapewa amwangalizie. Na biriani la mpishi wetu, la kuni, linaitwa chakula cha nje! Ndani ni kipi basi?

Jambo jingine, nikafikiria mwezi kumi na tano pale. Bamvua, maji yamejaa, mbalamwezi juu, mama karidhika. Kumbe Kendwa usiku wa mwezi mpevu ndio usiku wa disko, tena lile kubwa, watu wanatoka mjini kulifuata. Nikamfikiria shehe wetu anashuka kwenye basi na joho lake, anapokewa na spika.

Mama naye hakuishia hapo. "Ndoa inafungwa wapi?"

"Msikitini, mama."

"Kisha bwana anaingizwa kwa mkewe nyumbani."

"Ndiyo, mama."

"Basi ufukweni kunafanywa nini?"

"Kunapigwa picha."

"Saa ngapi?"

"Jua likizama."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyezaa akakosea. "Jua likizama ni Magharibi. Wanaume wote wako msikitini. Huyo bibi harusi atapigwa picha na nani?"

Nikaona bora nitafute mbadala. Mji Mkongwe? Beit al-Ajaib sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, na Forodhani jioni huwezi kusimamisha bibi harusi bila kumwagiwa urojo. Kisiwa cha Changuu? Walijenga gereza pale miaka ya 1890, halikupata kufunga mfungwa hata mmoja, na kaka yangu kwa utani akasema mkwe wake ndiye atakayelifungua. Mke wake hakucheka, tukahama. Fungu la Nakupenda? Hapo mambo ni kinyume: maji yakijaa fungu lenyewe linazama. Bahari ikitoka Paje huna harusi, ikijaa Nakupenda huna pa kusimama.

Na Wete hawakukaa kimya. Bibi wa bwana harusi kapiga simu: harusi iende Pemba, Vumawimbi. Nami nitasema, ila mama asinisikie, Vumawimbi ni pazuri kuliko kote nilikotaja. Mchanga mrefu mtupu, nyuma msitu wa Ngezi, hakuna papasi, hakuna disko. Lakini nako ni mashariki. Jua linazamia Verani, upande wa pili wa rasi. Na kufika kwenyewe lazima uvuke mkondo wa Nungwi wakati wa kusi. Mara ya mwisho nilipovuka, mabaharia waligawa mifuko kabla hatujaipita taa ya Nungwi, na mie niliyepanda najisifu kwamba babu yangu alikuwa nahodha niliomba wa pili. Ukiwatia wageni thelathini wa London kwenye boti ile na suti zao, watafika Mkoani wote rangi moja, na hiyo rangi haimo kwenye mapambo aliyochagua bibi harusi.

Wiki mbili tumejadiliana. Mama kapiga hesabu kwa vidole, mie kwa kalenda, na ajabu tukakutana: Kendwa, mwezi tatu wa mbinguni, inaangukia Agosti. Disko hakuna, mwezi bado kama ukucha. Picha saa kumi na moja, maji yanaendelea kujaa, jua limeshainama, kisha wanaume wanawahi Magharibi. Thelathini wa ndege wale kwa hizo dola, sisi mia nne tunamalizia Magomeni na biriani letu la nje. Hata Wete walikubali, kwa sharti mpishi atoke kwao.

Nikampigia mtoto, sauti yangu ya ushindi. Akafurahi, akasema, "Ami, Mungu akupe umri." Nikaanza kunywa chai.

"Ila ami, wageni wamesikia jioni kuna mbu. Ukumbi, chakula, kila kitu kibaki vilevile. Picha tu tusogeze. Tupige saa nne asubuhi."

Mama, pale kwenye mkeka, akauliza anasema nini.

Nikampa simu.