Waliotaka wanafunzi wa tiba warudi wodini hawakuwa wazembe

Machi 2020, siku mbili baada ya mgonjwa wa kwanza wa corona kutangazwa nchini, vyuo vikuu vilifungwa. Wanafunzi wa sheria walibeba madaftari wakaenda kwao. Wa udaktari, uuguzi na ukunga nao walibeba yao, ingawa sehemu kubwa ya wanachosomea haimo daftarini. Vyuo vilifunguliwa Juni 1, lakini ubishi haujafungwa mpaka leo hapa Dar es Salaam: gonjwa likipamba moto, mwanafunzi anatafuta nini wodini? Waliosema "warudishwe" huchorwa kama watu waliocheza na roho za watoto wa wenzao. Nadhani hawakusikilizwa.

Hoja ya waliofunga haihitaji maneno mengi. Mwanafunzi si mwajiriwa, na mgonjwa hatakufa kwa sababu yeye hayupo. Raundi ya asubuhi katika hospitali ya kufundishia ni kitanda kimoja na vijana wanane wamekizunguka. Jioni vijana haohao wanabanana kwenye daladala la Mbagala, wanarudi kwa bibi mwenye kisukari. Huko Marekani chama cha vyuo vya tiba, AAMC, kilishauri Machi 17 mwaka huo wanafunzi waondolewe kwa wagonjwa kwa muda. Kwetu kulikuwa na la ziada: takwimu za taifa zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na hazikusogea kwa zaidi ya mwaka. Utapimaje hatari usiyoonyeshwa? Hilo sina jibu nalo.

Ila waliofunga waliamini kitu kimoja bila kukikagua, kwamba ujuzi wa mkono unaweza kusubiri. Nunua bando, tazama video, mengine utayakuta mbele.

Twende leba. Mtoto ametoka, kondo la nyuma limetoka, damu bado inakuja. Mkunga anaweka kiganja chini ya kitovu cha mama na kupapasa mji wa mimba. Umekaza kama mpira, au umelegea kama unga wa chapati uliozidi maji? Mengine yote yanasomeka kwa simu: kwamba oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, yuniti 10, huchomwa ndani ya dakika moja baada ya mtoto kuzaliwa, kwamba damu ikipita nusu lita hiyo ni dharura. Ulegevu wenyewe hausomeki. Kila mkunga anayeujua aliujua siku mkono wa aliyemtangulia ulipokaa juu ya wake, ukamwambia, "Hapa, bonyeza, umesikia?"

Mpwa wangu alikuwa mwaka wa tatu wa uuguzi. Kipindi kile cha kukaa nyumbani alijizoeza kuweka kanula, kile kimrija kinachoingizwa mshipani kwa sindano, kwa kudunga mrija wa dripu aliouficha chini ya kitenge. Akawa hodari sana wa mirija. Mrija haukwepi sindano. Mshipa wa bibi wa miaka 70 unakwepa.

Sasa mtu asiyeupata ujuzi huu mwaka wa tatu ataupata lini? Ataupata akiwa daktari tarajali, yaani amehitimu na yuko mafunzoni kazini, saa tisa usiku, bingwa yuko kwenye simu na mama yuko mezani. Ile hatari tuliyomwepusha mwanafunzi mwaka 2020 tuliisogeza kwa mama wa mwaka uliofuata, ambaye huenda wakati huo hakuwa hata na mimba, na hakuna aliyemuuliza kama yuko radhi. Huyo haonekani kwenye hesabu za waliofunga.

Watu huniambia: si kuna midoli ya kujifunzia? Ipo, na habari yake nzuri zaidi inatoka hapa nchini. Mwaka 2010 wahudumu wa Hospitali ya Haydom, Manyara, walipewa kozi ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga anayezaliwa bila kupumua. Kabla ya kozi, waliofaulu zoezi la kumpumulisha mdoli walikuwa asilimia 18. Miezi saba baadaye walikuwa asilimia 74. Watafiti wakaingia leba kutazama watoto wenyewe, wakakuta utendaji haujabadilika.

Hebu tukae hapo. Ni watu walewale, na kwa mdoli wanaweza. Nikijaribu kuelewa, naona kwamba mdoli hautelezi kwa ute, mama yake halii, na dakika yake ya kwanza haikimbii. Na hao walikuwa wahudumu walio kazini, si wanafunzi. Hospitali ikabadili mtindo: mazoezi mafupi kwa mdoli, ya mara kwa mara, papo hapo kazini. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Watetezi wa midoli hunukuu ile 74, wapinzani hunukuu leba isiyobadilika, wote wanaruka sehemu ya tatu. Mdoli uliofanya kazi ulikuwa hatua chache kutoka kitanda cha kujifungulia. Mdoli uliofungiwa kwenye maabara ya chuo ni habari nyingine, na video ya mdoli ndiyo kabisa.

Tena mwanafunzi hajawa mtazamaji siku zote. Mwaka 1952 polio ilipoipiga Copenhagen na mashine za kupumulia zikapungua, wanafunzi wapatao 1,500 walipokezana zamu wakibinya mifuko ya hewa kwa mikono, usiku na mchana.

Waliotaka wanafunzi warudi, niliowasikia mimi, hawakudai kundi zima lirudi. Walisema mwaka wa mwisho watangulie, watatu watatu, kwenye uzazi na upasuaji, si kwenye vituo vya corona kama Hospitali ya Amana ilivyokuwa. Barakoa zitoke chuoni, si mfukoni mwa mwanafunzi. Na mwenye mgonjwa nyumbani aruhusiwe kukataa bila kurudishwa mwaka. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa likisahaulika mapema kuliko yote, hata na wao.

Hoja yangu ina mpaka. Machi 2023 homa ya virusi vya Marburg ilipozuka Kagera, mhudumu wa afya alikuwa miongoni mwa waliokufa. Kirusi kile huua, kwa wastani, karibu nusu ya wanaokipata. Hapo ningefunga mlango wa wodi siku hiyohiyo, leba ikiwemo, na mpwa wangu arudi kwenye mirija yake. Corona kwa kijana wa miaka 22 haikuwa Marburg. Lakini ili mkuu wa chuo ajue yuko mbele ya gonjwa la aina gani, anahitaji namba mpya kila asubuhi, na mwaka ule namba ya asubuhi ilibaki 509.