Dogo wa mkoani asaini Kariakoo au asubiri kwanza?

Kila dirisha la usajili likifunguliwa stori ni ile ile, dogo kapiga msimu mmoja mzuri kwenye timu ya mkoani basi vigogo wa Kariakoo, Simba na Yanga, wanamgombania, na mtaani kila mtu anamwambia saini haraka. Mimi huwa naumia kwa kweli, maana wengine baada ya hapo hatuwaoni tena, wanasugua benchi mwaka mzima halafu wanatolewa kwa mkopo kimya kimya.

Lakini tusiwaonee. Dau la kusaini ndo linamjengea mama nyumba, na kuna timu ndogo mshahara unachelewa miezi, sasa utamwambiaje mtu avumilie? Halafu vigogo wanacheza mechi za CAF, yaani mashindano ya klabu za Afrika. Straika Mbwana Samatta alitoka African Lyon akaenda Simba, 2011 wakakutana na TP Mazembe ya Lubumbashi, Kongo, kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, akawaonyesha kazi na Mazembe wakamchukua. Angebaki timu ndogo Lubumbashi wangemjulia wapi?

Ila kule Mazembe alikaa karibu miaka mitano anacheza, 2015 akabeba ubingwa wa Afrika ndo Januari 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji, hakukimbilia Ulaya kukaa jukwaani. Na Simba ile sio ya leo. Siku hizi timu inasajili wageni hadi 12, kwa hiyo straika mzawa anakuta mbele yake mapro wa nje wawili watatu walionunuliwa hela ndefu, na kocha anadaiwa matokeo wiki hii hii, hana muda wa kulea mtu. Beki wa pembeni afadhali, si mnaona mabeki kina Kapombe na Zimbwe walivyocheza Simba miaka yote ile? Kwa hiyo straika wa miaka 19 mimi namwambia abaki anapocheza, beki wa pembeni aende.

Na mkataba jamani, mkataba! Kiungo Feisal Salum, Fei Toto, alitoka JKU ya Zanzibar 2018 akaja Yanga, akacheza, akawa staa, sasa Desemba 2022 alipotaka kuondoka, shirikisho la soka TFF likasema kwa mkataba bado ni mchezaji wa Yanga, ikaenda hadi Juni 2023 ndo akatua Azam. Yule nchi nzima ilikuwa inamjua na bado alikwama. Dogo ambaye msimamizi wake ni mjomba tu, kabla hajashika kalamu atafute mwanasheria amsomee kipengele cha kuvunja mkataba, hata kama viongozi wanamsubiri hotelini na hela mezani.