Takeru Kobayashi na gharama ya kula kwa mashindano

Wapo wanaoyadharau mashindano ya kula kwa kusema ni ulafi uliopandishwa jukwaani. Nadhani hawajamtazama vizuri Takeru Kobayashi.

Julai 4, 2001, Mjapani huyo mwembamba alipanda jukwaa la shindano la kila mwaka la kula hotdogi, yaani soseji ndani ya mkate, la kampuni ya Nathan's pale Coney Island, New York. Rekodi ilikuwa hotdogi 25 na ushei kwa dakika 12. Yeye alikula 50, waandaaji wakaishiwa vibao vya namba ikabidi waandike kwa mkono. Alikuwa anakata soseji katikati na kutia vipande vyote viwili mdomoni kwa pamoja, mkate anauchovya kwenye maji hadi ulainike, huku akitikisa kiwiliwili ili chakula kishuke. Wenzake walitegemea ukubwa wa tumbo. Yeye aliuchambua ulaji wenyewe hatua kwa hatua. Akatwaa ubingwa mara sita mfululizo. Kwangu mimi hiyo ni kazi ya mwanamichezo, na anastahili heshima yake.

Ila mwili nao una hesabu zake. Mwaka 2007 taya lilimsumbua, na mwaka huohuo Mmarekani Joey Chestnut akamvua ubingwa kwa hotdogi 66 dhidi ya 63. Wakati huo madaktari wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha utafiti mdogo: walimlisha mlaji wa mashindano hotdogi huku wakilitazama tumbo lake kwa eksirei. Alipofika 36, walimsimamisha. Tumbo lilikuwa limetanuka kama mfuko mkubwa uliolegea, halisukumi chakula mbele, na mwenyewe anasema hajashiba. Onyo lao lilikuwa kwamba huenda siku moja tumbo la namna hiyo lisirudi katika hali yake, likabaki na kichefuchefu na kutapika kusikokoma.

Watetezi hujibu kwamba bondia naye huumia, na kwamba hawa ni watu wazima waliochagua wenyewe. Hoja hiyo ina uzito, lakini naona inapita pembeni ya jambo lenyewe. Bondia hajifunzi kuacha kusikia maumivu. Mlaji hujizoeza, miaka nenda miaka rudi, kuipuuza shibe, yaani ile kengele ambayo mwili unaitumia kujilinda. Kufaulu kwake ndiko kuumia kwake. Mwaka 2024, katika filamu ya Netflix kuhusu afya ya tumbo, Kobayashi alisema hasikii njaa tena. Mei mwaka huo akatangaza kustaafu kwa sababu za kiafya. Septemba akarudi Las Vegas kupambana na Chestnut kwa zawadi ya dola 100,000, akala hotdogi 66 na kushindwa na Chestnut aliyekula 83.

Sitamlaumu kwa kurudi. Ninaowalaumu ni wanaoshika kalamu ya mikataba. Major League Eating, inayosimamia shindano la Nathan's, huweka wahudumu wa dharura ukumbini na haiungi mkono mazoezi ya nyumbani. Hilo ni jema, maana kupaliwa kunaua kwa dakika chache. Lakini tumbo haliharibiki katika dakika 10 za shindano la siku hizi. Huharibika katika miaka ya maandalizi. Na tunajua mkono wa shirika hilo unafika mbali likitaka: Kobayashi alikosa shindano la 2010 baada ya kukataa mkataba uliombana asishindane kwingine, na Chestnut alizuiwa 2024 kwa kuingia udhamini na kampuni ya nyama za mimea.

Kupiga marufuku sikuungi mkono, kwani mashindano yatahamia kwenye kumbi zisizo na hata mhudumu mmoja wa afya. Ninachotaka ni kipimo cha tumbo na taya kila mwaka kiwe sharti la mkataba, gharama zikiwa juu ya mwandaaji, na uangalizi huo uendelee hata baada ya mlaji kustaafu.