Ile Kachumbari: Acheni Nieleze Mwenyewe

Najua shemeji yangu ameshawatumia picha ya kachumbari yangu iliyojaa maji, na chini yake akakumbusha kwamba mimi ni mwalimu wa baiolojia. Ndiyo. Na wiki iliyotangulia nilikuwa ubaoni nafundisha osmosisi, yaani maji kupenya utando wa seli kuelekea kwenye chumvi nyingi zaidi. Haya, chekeni kwanza.

Ukweni nilipewa kazi moja tu: kachumbari ya watu 40. Nyanya kilo 6, vitunguu kilo 2, matango 12. Saa 4 asubuhi nimemaliza kukata, nikatia chumvi vijiko 4 vikubwa na ndimu, nikafunika beseni, nikajipongeza. Chakula saa 8.

Mle ndani, maji yakaanza kuhama. Utando wa seli huyapitisha, tena kwenye vijia vya protini viitwavyo akwaporini molekuli hupita kwa mabilioni kila sekunde, lakini utando huohuo huizuia chumvi. Kwa hiyo maji hutoka kuifuata chumvi nje, seli inanywea, utando unabanduka kwenye ukuta wake. Plasmolisisi. Niliitungia mtihani! Saa 6 naonja, chumvi haijakolea. Ingekoleaje, wakati imeshazimuliwa na maji ya matango? Bingwa nikaongeza vijiko 2.

Sasa hapa twende polepole. Baba mkwe ndiye wa kwanza. Pilau iko kwenye sahani, punje hazijashikana. Nachota, upawa unazama mpaka kwenye mpini. Nauinua: vipande viwili vya tango vimelala kama kamba za viatu, vinaelea. Nasita. Mzee bado amenyoosha sahani. Namimina. Maji yanapita chini ya nyama, yanazunguka kiazi, yanafika ukingoni, yananing'inia… tone la kwanza likatua kwenye kanzu nyeupe. Mzee akaitazama sahani, akanitazama.

"Mwalimu, hii tunakula au tunakunywa?"

Nikachuja, kilichobaki kikawa kinatafunika kama mpira, ikakatwa kabichi haraka, watu wakala.

(Mnaouliza chumvi itiwe lini: kinachotiwa chumvi mapema ni kitunguu peke yake. Kifikiche, kiache dakika 10, suuza, kamua. Hapo unataka maji yatoke na ukali wake. Tango toa mbegu, likae kavu. Chumvi na ndimu ya beseni zima ni watu wakishanawa mikono.)

Jumatatu nimekuta darasani wamechora beseni ubao mzima, na mishale ya maji. Nimeikagua mmoja mmoja. Yote imeelekea sawasawa, nikawapa alama zao.